Cleveland Abbott: kocha aliyewafungulia wasichana uwanja



Ndugu msomaji, msimu wa UMISSETA unapokaribia, kuanzia Mbinga mjini hadi Liuli na Mbamba Bay, utamkuta mwalimu mwenye filimbi shingoni anayefundisha kila mchezo. Leo mbio, kesho mpira wa miguu, keshokutwa netiboli, na bado ana vipindi darasani. Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo mbali na sisi, kwa zaidi ya miaka 30.

Cleveland Leigh Abbott alizaliwa katika miaka ya 1890 huko South Dakota, jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani, ambako watu Weusi walikuwa wachache mno. Alisoma katika chuo cha jimbo hilo na kuhitimu mwaka 1916 katika fani ya maziwa na bidhaa zake. Uwanjani alicheza karibu kila mchezo uliokuwapo. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa afisa wa jeshi, kisha akafanya kazi ya ualimu.

Mwaka 1923 aliitwa Tuskegee, Alabama, kusini kabisa mwa nchi hiyo. Chuo cha Tuskegee kilianza mwaka 1881 chini ya Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa utumwani. Sheria za kusini ziliwatenga Weusi na Wazungu shuleni, kwenye treni, hata kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Kwa hiyo Weusi walikuwa na vyuo vyao, na vyuo hivyo vilishindana vyenyewe kwa vyenyewe. Jina la Tuskegee lilifika hata kwetu: mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, akiwamo Dk. Aggrey wa Gold Coast, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika ikihimiza elimu ya kilimo na kazi za mikono kama iliyotolewa pale.

Abbott alipewa michezo yote ya chuo. Timu yake ya mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi, ilishinda mechi zaidi ya 200 chini yake, na mara kadhaa ilihesabiwa kuwa bora kuliko timu zote za vyuo vya Weusi nchini. Angeweza kuridhika na sifa hizo. Lakini jambo kubwa zaidi alilifanya mahali ambapo wengi hawakutazama.

Mwaka 1927 alianzisha mashindano ya riadha ya kila mwaka hapo chuoni, na miaka miwili baadaye akaingiza mbio za wasichana. Kumbuka hali ya wakati ule. Baada ya Olimpiki ya 1928, wakubwa wa riadha duniani waliondoa mbio za mita 800 za wanawake wakidai mwili wa mwanamke hauwezi, na hazikurudi hadi 1960. Wazazi wengi waliona msichana anayekimbia mbele za watu ni aibu. Abbott aliwapa wasichana wake mazoezi ya kweli, safari na muda wake mwenyewe. Kuanzia mwaka 1937 walianza kutwaa ubingwa wa taifa wa riadha ya wanawake, wakiwashinda Weusi na Wazungu pamoja. Walitwaa mataji 14, manane kati yake mfululizo.

Mmoja wao alikuwa Alice Coachman wa Albany, Georgia. Alijifunza kukimbia miguu peku kwenye barabara za vumbi, na baba yake hakupenda. Tuskegee walimpa nafasi ya masomo, naye akawa anasafisha viwanja na kushona jezi ili kulipia sehemu ya gharama. Olimpiki za 1940 na 1944 hazikufanyika kwa sababu ya vita, nazo zilikuwa miaka yake ya nguvu. Alisubiri. Mwaka 1948 huko London, akiwa amekwisha kuhamia chuo cha nyumbani kwao, aliruka mita 1.68 na kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza duniani kupata dhahabu ya Olimpiki. Aliporudi Albany alipokelewa kwa heshima ukumbini, lakini Weusi na Wazungu walikaa mbalimbali, na meya hakumpa mkono.

Abbott hakuweza kubadilisha sheria ya Alabama kwa filimbi. Alichoweza ni kumwandaa binti ili mlango ukifunguka hata kidogo, aweze kupita. Alifariki mwaka 1955, kabla ya kuona mengi ya matunda yake. Mwaka uliofuata, huko Melbourne, Mildred McDaniel wa Tuskegee alishinda dhahabu ya kuruka juu kwa rekodi ya dunia. Kocha wa timu ya wanawake ya Marekani katika michezo hiyo alikuwa Nell Jackson, naye mwanafunzi wa Abbott. Binti wa Abbott mwenyewe, Jessie, alikuwa amekwisha kuanzisha timu ya wasichana huko Tennessee State, chuo ambacho baadaye kilimtoa Wilma Rudolph, mshindi wa dhahabu tatu mjini Roma mwaka 1960.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji uwanjani, kwa kuwa alijua mazoezi ya mwili humfundisha mtu kujinyima. Wewe mseminari utakayetumwa kesho parokiani, nawe mlezi wa VIWAWA unayepanga bonanza la vijana, tazameni pembeni ya uwanja. Wapo wanaokaa pale kila mara wakishangilia wenzao, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaita waingie. Abbott aliwaita, akabaki nao miaka yote hiyo.