Chakufwa Chihana: Aliyeshuka Lilongwe na Karatasi

Anayefika Dzaleka leo, wilayani Dowa, si mbali na Lilongwe, husikia Kiswahili cha Kivu na cha Bujumbura hata akasahau kwamba yuko Malawi. Kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, mahali hapa palikuwa gereza, na humo walifungwa watu wengi ambao kosa lao lilikuwa kumpinga Rais Kamuzu Banda au kushukiwa tu. Zama zile hazikwisha zenyewe. Mmoja wa waliozimaliza ni Chakufwa Chihana.

Alizaliwa mwaka 1939, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Nyasaland, akakulia kazini katika vyama vya wafanyakazi. Serikali ya chama kimoja haikupenda sauti yoyote isiyokuwa chini yake. Miaka ya 1970 alitiwa kizuizini miaka kadhaa, muda mrefu akiwa peke yake. Alipotoka alifanya kazi nje, akawa katibu mkuu wa baraza la vyama vya wafanyakazi vya kusini mwa Afrika.

Tarehe 8 Machi 1992 waraka wa maaskofu Wakatoliki ulisomwa makanisani nchi nzima. Ulitaja umaskini, hali ya shule na hospitali, na hofu ya kusema. (Tuseme kweli: hili lilianzia kanisani, wala halitupunguzii kitu sisi Waislamu kulikiri.) Wanafunzi wa chuo kikuu Zomba waliandamana kuwaunga mkono. Mwezi huohuo Wamalawi waliokuwa uhamishoni walikutana Lusaka, wakamchagua Chihana awaongoze. Akatangaza kwamba anarudi nyumbani, akijua vyema kinachomngoja.

Tarehe 6 Aprili alishuka uwanja wa ndege wa Lilongwe, akatoa karatasi na kuanza kusoma madai ya demokrasia. Hakufika mbali, makachero wakamkamata. Hakuwa na silaha wala hakumtukana mtu. Sote tumesoma hadithi ya neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Huyu hakuwa Mwislamu, lakini neno alilisema.

Je, sauti moja ilitosha? Hapana. Orton Chirwa, mwanasheria na waziri wa zamani, alifia gerezani Zomba Oktoba 1992 baada ya zaidi ya miaka kumi kifungoni. Chihana naye angeweza kusahauliwa hivyo. Lakini Mei mwaka ule wafanyakazi wa Blantyre waligoma, makumi wakauawa kwa risasi, na nchi wafadhili zikasimamisha misaada isiyokuwa ya dharura. Oktoba Banda akakubali kura ya maoni. Viongozi wa dini waliunda kamati ya kuzungumza na serikali, na Jumuiya ya Waislamu wa Malawi ilikuwa ndani yake.

Ajabu ni kwamba wakati kura hiyo ikiandaliwa, yeye alihukumiwa miaka miwili na kazi ngumu kwa uchochezi. Rufaa iliipunguza ikawa miezi tisa. Aliachiwa Juni 1993, siku chache tu kabla ya kura. Tarehe 14 Juni, takriban asilimia 63 ya wapiga kura walichagua vyama vingi.

Uchaguzi wa Mei 1994 alikuwa wa tatu. Aliyeshinda ni Bakili Muluzi, Mwislamu, na Chihana akawa makamu wa pili wa rais. Hapa wengi huishia kumsifu, lakini maisha yake hayakuishia hapa. Mwaka 2002 Muluzi alipotaka kuondolewa ukomo wa vipindi vya urais, Chihana alimuunga mkono. Chama chake kikagawanyika. Makanisa, wanasheria na baadhi ya wabunge wake mwenyewe walipinga hadharani, na hakuna aliyepelekwa Dzaleka kwa hilo. Mswada ulikosa kura tatu tu.

Mwaka 2003 alirudi kwenye kiti cha makamu wa pili. Alifariki Juni 2006 akiwa Johannesburg kwa matibabu.