Tumemsifu Liyongo, na Saada Je?

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili nchini ambaye hajapata kusikia habari za Fumo Liyongo, jabali wa Pate. Twamsifu kwa kimo chake, kwa shabaha ya mishale yake na kwa umahiri wake wa kutunga mashairi. Sina ugomvi na sifa hizo. Langu leo ni kuuliza habari za mtu ambaye, lau si yeye, Liyongo angaliuawa kifungoni: kijakazi aliyeitwa Saada.

Wataalamu hawajaafikiana kuhusu karne aliyoishi Liyongo, ila masimulizi yanakubaliana kwamba alikuwa mtu wa pwani ya kaskazini, pande za Pate na Ozi. Sultani wa Pate alihofu kunyang'anywa ufalme, akaazimia kumwangamiza. Pakafanywa kikoa cha makoma: kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, na Liyongo akiwa juu apigwe mishale. Akaing'amua hila hiyo, akayaangua makoma kwa mishale yake akiwa chini. Hata hivyo, baadaye alikamatwa, akatiwa pingu na kuhukumiwa kufa.

Mamake alimpikia chakula kizuri, na Saada ndiye aliyekipeleka gerezani. Walinzi wakawa wanakipokonya na kukila wao. Ndipo Liyongo alipomtuma Saada kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na ndani yake afiche tupa. Walinzi walipouona mkate huo waliudharau, wakamwachia mfungwa. Haja yake ya mwisho ilikuwa kuchezewa ngoma ya gungu. Vishindo vya ngoma vikaufunika mlio wa tupa, minyororo ikakatika, naye akatoka.

Msomaji mpendwa, hebu tuitazame safari ile kwa macho ya Saada. Ilimbidi aushike ujumbe moyoni na kuufikisha bila kupoteza neno. Kisha akarudi na tupa ndani ya mkate, mbele ya walinzi waliozoea kumnyang'anya alichobeba. Kutetemeka kwa mkono kungalitosha kumfichua. Liyongo alikuwa na jina na mama wa kumlilia; kijakazi angaliuawa pasi na mtu wa kuuliza. Naona kwamba walinzi walimwona Saada kama walivyouona mkate wenyewe: kitu duni kisichostahili kukaguliwa. Dharau hiyo ndiyo iliyomwokoa shujaa wetu.

Baada ya hapo masimulizi tuliyoyazoea hayamtaji tena. Twaelezwa jinsi mwana wa Liyongo alivyohadaiwa kwa ahadi za cheo na ndoa, akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Twaelezwa jinsi Liyongo alivyokata roho kisimani akiwa amepiga magoti, mshale tayari upindeni, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Twaelezwa pia jinsi mamake alivyokwenda kumsihi. Minyororo ya Liyongo ilikatwa. Ya Saada hatuambiwi iliishia wapi.

Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utendi wa Liyongo mwaka 1913, miaka sita tu baada ya sheria ya mwaka 1907 iliyoufuta utumwa katika pwani yetu. Basi waliousikia utendi huo mwanzoni waliwajua akina Saada kwa sura. Sisi tuliozaliwa baadaye hatuna udhuru wa kumsahau, kwani jina lake limehifadhiwa.

Rai yangu kwa walimu ni hii: mnapowauliza wanafunzi sifa za shujaa, waulizeni pia ni nani aliyeibeba tupa, na angalipata hasara gani. Taifa linalowafunza watoto wake kuhesabu maguvu pekee huwasahau watumishi wanaoamka alfajiri kulihudumia. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.