Brongniart: Bingwa wa mawe aliyewaokoa wafinyanzi wa Sèvres

ANAYESAFIRI kutoka Kakamega kwenda Kisumu hawezi kupita Ilesi bila kuona vyungu vilivyopangwa kando ya barabara. Wanaovifinyanga wanafahamu fika kwamba udongo mbaya humwaibisha hata fundi hodari.

Ujuzi wa udongo ndio uliompa sifa Alexandre Brongniart, Mfaransa aliyeongoza kiwanda cha kauri cha Sèvres, karibu na Paris, kwa miaka 47.

Alizaliwa Paris mwaka 1770. Baba yake alikuwa msanifu majengo mashuhuri, lakini mwana alivutiwa na mawe na kemia, akawa mhandisi wa migodi.

Alipokabidhiwa Sèvres mwaka 1800, kiwanda kilikuwa hoi. Mapinduzi ya 1789 yalikuwa yamewafagia mfalme na makabaila waliokuwa wateja wake, na mafundi walidai malimbikizo ya mishahara. Ili kupata fedha, Brongniart aliuza akiba ya vyombo vya zamani ambavyo havijatiwa nakshi.

Kisha akageukia udongo. Aliachana na kauri laini, iliyopokea rangi vizuri ajabu lakini ikiharibika ovyo tanurini. Badala yake alishikilia kauri ngumu ya kaolini, udongo mweupe uliogunduliwa Saint-Yrieix, karibu na Limoges, katika miaka ya 1760. Wapenzi wa rangi za kale walipoteza, ila kiwanda kilipona.

Chini ya Napoleon, Sèvres ilitoa mitungi mikubwa ya mapambo yenye maumbo ya Kigiriki na Kirumi. Mingi iliundwa vipande vipande, ikaunganishwa kwa shaba iliyopakwa dhahabu na kutunukiwa wafalme. Mtungi wa Austerlitz, wa mwaka 1806, ulichorwa kwa mtindo wa Wagiriki wa kale kusifu ushindi wa mwaka uliotangulia.

Hata hivyo, Brongniart hakuvienzi vyombo vya ikulu pekee. Katika makumbusho aliyoyafungua Sèvres mwaka 1824, alikusanya ufinyanzi wa mataifa mengi, vikiwemo vyombo vya matumizi ya kawaida, akavipanga kwa aina ya udongo na uchomaji.

Mwaka 1844 alichapisha maarifa yake yote katika kitabu kikubwa kuhusu ufinyanzi. Alifariki Oktoba 7, 1847, akiwa bado kazini.

Kiwanda na makumbusho yake vingalipo. Na lau angepita Ilesi, pengine angeuliza kwanza udongo ule unachimbwa wapi, ndipo aulize bei ya chungu.