BI RUFAIDA AL-ASLAMIYYA (R.A.): MUUGUZI ALIYEKUWA NA HEMA MSIKITINI

Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhani, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Hebu nikuulize suali kabla hatujaenda mbali. Ukiambiwa utaje maswahaba watano wa kike, utawataja kina nani? Bi Khadija, Bi Aisha, Bi Fatma, pengine Bi Sumayya na Bi Nusaiba. Je, Bi Rufaida? Wengi wetu tumemaliza madrasa, tumeingia mashindano ya sira na zawadi tumechukua, lakini jina hili limetupita hivi hivi. Na ukimuuliza mwanafunzi wa unesi ni nani alianza kazi ile, atakwambia mara moja ni Florence Nightingale, yule Muingereza aliyewauguza askari katika vita vya Crimea mwaka wa 1854. Mama yule alifanya kazi kubwa, hatumvunjii heshima. Lakini zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, katika mji wa Madina, palikuwa na mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa na hema lake la wagonjwa, na hema lenyewe lilikuwa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.).

ALIKUWA NANI?

Bi Rufaida alitoka katika kabila la Aslam. Ibn Ishaq, mwandishi wa sira, anamtaja kwa jina hili la Rufaida. Ibn Saad katika kitabu chake cha Tabaqat anamtaja kwa jina la Kuaiba binti Saad wa kabila hilo hilo la Aslam, na anasema alimpa Mtume (s.a.w.) baia baada ya hijra. Majina ni mawili lakini hema ni lile lile, msikiti ni ule ule, na mgonjwa aliyepelekwa kwake ni yule yule. Kwa hivyo katika makala haya nitamchukulia kuwa ni mtu mmoja.

Waandishi hawakumuandikia mengi. Lakini yale machache waliyoyaandika ni mazito. Wanasema alikuwa akiwatibu majeruhi, na kwamba aliitoa nafsi yake kuwahudumia Waislamu wasiokuwa na mtu wa kuwaangalia, akitaraji malipo kwa Allah. Tafadhali usome tena hapo. Aliwatafuta wale wasiokuwa na mtu. Mwenye mama, mke au dada nyumbani ana wa kumpa maji. Lakini yule mgeni, yule masikini, yule muhajiri aliyeacha jamaa zake Makka, akiugua ni nani atakayemkalia? Basi huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa wa Bi Rufaida.

Wala hakuwa peke yake katika kazi hii. Bi Rubayyi binti Muawwidh alikuwa akitoka na jeshi, akiwapa maji na kuwatibu waliojeruhiwa. Bi Ummu Atiyya alitoka katika vita saba, akipika, akitibu majeraha na kuwauguza wagonjwa. Na siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipoumizwa usoni, Bi Fatma aliosha ile damu huku Sayyidna Ali akimmiminia maji kwa ngao yake. Alipoona maji yanazidisha damu, alichoma kipande cha mkeka na kutia majivu yake kwenye jeraha, damu ikasimama. Majivu ndiyo dawa waliyokuwa nayo wakati ule. Sisi leo tusitie majivu, kahawa wala dawa ya meno kwenye kidonda. Tunakandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kisha tunakwenda hospitali. Lakini angalia alivyofanya Bi Fatma: alitazama, akaona njia ya kwanza haifai, akabadilisha. Huo ndio uuguzi.

MGONJWA WAKE MASHUHURI

Mwaka wa 5 Hijria, sawa na 627 Miladia, makabila yaliungana na Maquraishi wakaja kuuzingira mji wa Madina. Walikuwa kama 10,000, na Waislamu kama 3,000. Kwa shauri la Salman al-Farisi lilichimbwa handaki, na ndiyo maana vita hivi vikaitwa Khandaq.

Katika vita hivi alipigwa mshale Saad bin Muadh (r.a.), kiongozi wa kabila la Aus, kijana wa miaka 37 hivi. Bi Aisha alikuwa amemuona akipita kwenda vitani na deraya yake fupi, mikono yote iko nje, akatamani lau deraya ile ingekuwa refu kidogo. Na kweli, mshale ukampata mkononi, ukakata ule mshipa mkubwa wa damu.

Sasa mtu kama huyu, mkubwa wa kabila, angeweza kupelekwa kwake akahudumiwa na watu wake wote. Lakini Mtume (s.a.w.) aliamuru awekwe katika hema la Bi Rufaida, pale msikitini, ili awe karibu naye na aweze kumzuru. Unaona imani aliyokuwa nayo Mtume (s.a.w.) kwa mwanamke huyu? Na yeye Mtume (s.a.w.) hakukaa kando. Alilichoma lile jeraha kwa mkono wake ili damu ikatike, na lilipovimba akalichoma tena.

Kuna jambo jengine limepokewa na Imam Bukhari katika kitabu chake cha Al-Adab al-Mufrad, nalo ni dogo kwa kulitazama. Mtume (s.a.w.) akipita jioni alikuwa akimuuliza Saad ameshindaje, na akipita asubuhi akimuuliza ameamkaje, na Saad akimueleza. Kila siku, asubuhi na jioni. Nenda wadi yoyote leo utaona karatasi imetundikwa kitandani, manesi wanaandika joto, mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa, asubuhi na jioni. Kwa nini? Kwa sababu hali ya mgonjwa haijulikani kwa kumtazama mara moja. Inajulikana kwa kulinganisha jana na leo.

Saad alipata nafuu kiasi. Siku moja akaitwa atoe hukumu katika jambo la Bani Quraidha, na watu wake wakambeba juu ya punda waliyemtandikia mto wa ngozi ili asiumie. Baadaye akarudishwa hemani. Kisha jeraha likapasuka. Watu wa Bani Ghifar, waliokuwa na hema lao hapo msikitini, walishtuka kuona damu inatiririka kuwafikia, wakauliza hii inatoka wapi. Ilikuwa damu ya Saad. Akafariki (r.a.), na Mtume (s.a.w.) akatujulisha kwamba Arshi ya Mwenyezi Mungu ilitikisika kwa kifo chake.

Ndugu msomaji, hapa ndipo mimi husimama nikafikiri. Mgonjwa mashuhuri kuliko wote aliyeingia katika hema la Bi Rufaida hakutoka na uhai. Je, alilaumiwa? Hatusomi popote kwamba alilaumiwa. Je, aliliacha hema lake akasema kazi hii siiwezi? Tunamkuta tena mwaka wa 7 Hijria katika vita vya Khaybar, na imesimuliwa kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa fungu la ngawira sawa na fungu la mwanamme. Hakushika upanga, lakini alihesabiwa kama aliyeshika.

Shifaa iko kwa Allah. Kazi ya muuguzi ni kuwepo, kuangalia, kuosha, kugeuza na kutokata tamaa.

NA SISI JE?

Nitakueleza jambo ambalo naona aibu kulisema. Nyanya yangu alipopata kiharusi nyumba yetu ilijaa watu. Kila siku wageni, yasin zinasomwa, matunda yanaletwa, sote tukiona tumetimiza haki ya mgonjwa. Kumbe hatta mtu mmoja miongoni mwetu hakuwa akimgeuza. Siku shangazi yangu alipomuinua kumuosha, tukakuta kidonda kikubwa kwenye kiuno chake cha nyuma. Mimi nilikuwa nakaa pale kitandani kila jioni, nimemshika mkono. Sikujua. Kidonda kile kilimuumiza kuliko maradhi yenyewe. Tulimpa dua, tukasahau ubavu wake.

Kwa hivyo nimewauliza wenye ujuzi, na haya ndiyo machache ambayo kila kijana wa Kiislamu, mke kwa mume, apaswa kuyajua:

1. Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake. Usiseme nina udhu. Udhu ni wa ibada, sabuni ni ya vijidudu.

2. Mpime na uandike. Chukua daftari. Akiwa ametulia hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtu mzima huwa kati ya 12 na 20. Mapigo ya moyo huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Joto likifika digrii 38, hiyo ni homa. Akihema kwa taabu, akichanganyikiwa ghafla, midomo ikigeuka rangi, au akiwa mzito kuamka, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali.

3. Asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila saa mbili hivi. Muinue, usimburure, manake shuka huchuna ngozi. Tazama visigino, nyonga, kiuno na mabega. Ukiona wekundu au weusi usioondoka, usipasugue, mpunguzie uzito mahala hapo na umwambie nesi. Shuka ziwe kavu.

4. Mgonjwa akinywa awe amekaa au ameinuliwa, na apewe kidogo kidogo. Wageni wetu wanapenda kumtilia mgonjwa zamzam naye amelala chali. Nia ni njema, lakini yaweza kumpalia yakaingia mapafuni, hasa aliyepata kiharusi. Akikohoa kila akimeza, simama, na uulize daktari.

5. Msitiri. Unapomuosha funua mahala unapoosha tu, pengine pote pawe na kanga. Muage kabla ya kumgusa, hatta kama unadhani hasikii.

Na katika mwezi huu kuna mambo mawili zaidi. La kwanza, mgonjwa amepewa rukhsa na Mola wake ya kula, na asiyetarajiwa kupona hulisha masikini badala yake. Tusimtie mzee wa kisukari haya mpaka akaficha dawa zake ili aonekane amefunga. Aulizwe daktari wake, kisha ustadh wake. La pili ni la zamu. Mara nyingi ni dada mmoja tu ndani ya nyumba anayebaki na mgonjwa, sisi wengine tukiwa tumejipanga safu ya kwanza kwenye taraweh. Kwani yeye hapendi taraweh? Wekeni zamu. Leo abaki kaka, kesho binamu. Vijana wa kiume msiseme hii ni kazi ya kike. Mmeshasoma hapo juu ni mkono wa nani ulilichoma jeraha la Saad. Na ile siku ambayo zamu ni yako, sali taraweh zako pale chumbani, pembeni mwa kitanda. Hema la Bi Rufaida lilikuwa msikitini, na chumba cha mgonjwa wako pia kinaweza kuwa mahala pa ibada.

Leo hii huko Bahrain, chuo kikuu kimoja cha udaktari na uuguzi hutoa tuzo ya unesi kwa jina la Rufaida al-Aslamiyya. Basi dada yangu unayesomea unesi, na watu wanakuambia kwa nini hukusomea udaktari, usiinamishe kichwa. Kazi yako ina ukoo. Na wewe usiyesomea, mtaani kwako yuko mtu mmoja anayeugua bila wa kumuangalia. Baada ya kufuturu leo, kabla hujashika simu, mtafute.

Twamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, awape nguvu wanaowauguza, na atukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.