Maisha ya Joseph Murumbi, Jirani Yetu wa Ravine

Ukitaka kukutana na mtu katikati ya jiji la Nairobi, mara nyingi atakwambia mkutane Archives. Mimi mwenyewe nilipokuwa darasa la saba nilisimama pale nje karibu saa nzima nikimngoja mjomba, mfuko wa mahindi mabichi mkononi, nikiwatazama makanga wakigombania abiria kama mwewe wanaogombania kifaranga. Nyuma yangu palikuwa na jumba kubwa la zamani. Sikujiuliza hata kidogo ndani kuna nini. Kwangu mimi lilikuwa ukuta wa kuegemea, basi.

Mwaka jana Chama chetu cha Kiswahili kilifunga safari ya kwenda kutazama majumba ya sanaa ya Nairobi. Mwalimu mlezi alitupa sharti moja kabla hatujapanda basi: kila mwanachama arudi na maisha ya mtu mmoja ambaye amekwisha kufariki, ayaandike kwa maneno yake mwenyewe. Wengi walikuwa wamechagua watu wao kabla hata hatujafika Burnt Forest. Huyu Mzee Kenyatta, yule Tom Mboya, mwingine Wangari Maathai. Mimi nilikaa kimya kama maji ya mtungini. Tulipita Timboroa kukiwa na baridi ya kutetemesha meno, tukafika Makutano mahali barabara ya Eldama Ravine inapochepuka. Nilikitazama kibao cha Ravine nikasinzia. Laiti ningalijua kwamba mtu wangu alizaliwa huko!

Tulipoingia ndani ya lile jumba la Nyaraka za Taifa, ambalo zamani lilikuwa benki, nilipigwa na butwaa. Kelele za matatu zilibaki nje kama mtu aliyefungiwa mlango. Mbele yetu kulikuwa na vinyago, ngao, vigoda, ala za muziki, nguo za kufumwa kutoka Afrika Magharibi na mapambo ya kila aina. Sehemu hiyo ilifunguliwa mwaka 2006 na inaitwa kwa jina la Joseph Murumbi, kwa sababu vitu hivyo alivikusanya yeye. Nilidhani labda alikuwa mwuzaji wa vitu vya watalii. Kumbe alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya! Nikamwendea mwalimu, nikamwambia mtu wangu nimempata.

Joseph Anthony Zuzarte Murumbi alizaliwa Eldama Ravine tarehe 18 Juni 1911. Baba yake alikuwa Mgoa, yaani mtu wa Goa kule Bara Hindi, mfanyabiashara aliyekuja kutafuta riziki wakati reli ilikuwa bado mpya. Mama yake alikuwa Mmaasai wa Uasin Gishu. Hapo wanafunzi wenzangu simameni kidogo. Uasin Gishu hiyo hiyo tunayoiandika kwenye anwani zetu ni jina la Wamaasai waliokuwa wakichunga mifugo katika uwanda huu kabla ya kusambaratishwa na vita katika karne ya 19. Kwa hiyo ninaposema ni jirani yetu sisemi kwa kujipendekeza. Jina la watu wa mama yake tunalikanyaga kila siku tukienda mtoni na sokoni.

Alipokuwa mtoto mdogo baba yake alimpeleka India kusoma, akasomea Bangalore na Bellary. Fikiria mtoto wa umri wa chekechea anavushwa bahari, anamwacha mama, na anakaa huko mpaka anakuwa kijana. Aliporudi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa anajua Kiingereza kuliko lugha ya mama yake. Na nchi aliyoirudia ilikuwa imegawanywa kama mkate: Mzungu na mahali pake, Mhindi na mahali pake, Mwafrika nyuma kabisa. Shule, hospitali, hata mshahara ulikwenda kwa rangi. Kijana kama Joseph angaliweza kujibanza upande wa baba, akala mshahara mnono kidogo na kukaa mtaa ulio bora kidogo. Hakufanya hivyo. Alichagua kuhesabiwa Mwafrika, akajiita Murumbi, jina la upande wa mama yake. La baba hakulitupa, alilibeba katikati.

Jambo hili lilinigusa mno, nami nitasema kwa nini. Baba yangu ni Mluhya na mama yangu ni Mnandi. Hapa Eldoret swali la wewe ni wa wapi huulizwa kama salamu. Nikijibu jina la baba ninatazamwa hivi, nikijibu kwa lugha ya mama ninatazamwa vile. Kuna wakati, nikiwa mdogo, nyumba yetu ilikuwa ikipitishwa hadithi ya mwaka 2008, jinsi wazazi wangu walivyolala vyumba viwili katika miji miwili kwa wiki kadhaa, kila mmoja kwa watu wake. Mimi sikuwa nimezaliwa. Basi nilipomsoma Murumbi nilihisi kama nimekutana na binamu.

Turudi kwenye maisha yake. Alifanya kazi za ukarani, kisha katika miaka ya 1940 akafanya kazi Somalia iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Aliporudi nyumbani aliingia katika chama cha KAU mwaka 1952. Hakuchagua wakati mzuri! Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba mwaka huo serikali ya kikoloni iliwakamata Jomo Kenyatta na viongozi wengine, na hali ya hatari ikatangazwa. Viti vya chama vikabaki vitupu. Mgeni huyu aliyekuwa hata hajazoea vizuri akajikuta ndiye kaimu katibu mkuu. Alisaidia kutafuta mawakili wa kuwatetea waliokuwa wakishtakiwa Kapenguria. Katika kazi hiyo alifanya urafiki na Pio Gama Pinto, kijana wa Kigoa aliyezaliwa Nairobi, mwandishi wa magazeti na mtu asiyejua kuogopa. Urafiki huo mkumbuke, msomaji, maana tutakutana nao tena mwisho.

Mwaka 1953 Murumbi aliondoka nchini, akapita India na Misri, akaishia London, na hakurudi kwa takriban miaka tisa. Huko alifanya kazi na chama kilichopigania uhuru wa makoloni, akizunguka kuwaeleza Waingereza mambo yaliyokuwa yakitendeka Kenya kwa jina lao. Pesa hazikuwa nyingi. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: kununua vitabu. Kila kitabu cha zamani kuhusu Afrika alichokiona dukani alikitaka. Huko ndiko alikokutana pia na Sheila, mwanamke wa Kiingereza aliyekuja kuwa mkewe na mwenzake katika kukusanya vitu.

Sasa mambo ya serikali nitayapita haraka, maana yamo katika vitabu vyetu vya historia. Alirudi mwaka 1962, akachaguliwa Mbunge mwaka 1963, na mwaka 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Akazunguka duniani kufungua balozi za nchi iliyokuwa bado changa. Kila alikokwenda Afrika alirudi na kitu mkononi, kinyago au kitambaa. Mwezi wa Mei 1966, baada ya Jaramogi Oginga Odinga kujiuzulu, alifanywa Makamu wa Rais, wa pili katika historia ya Kenya. Kabla mwaka haujaisha aliacha kazi hiyo. Ndiyo, aliiacha mwenyewe. Mwezi wa Januari 1967 nafasi ikachukuliwa na Daniel arap Moi.

Kwa nini aliacha? Hapa ndipo wanachama wenzangu walipobishana ndani ya basi mpaka Naivasha. Sababu iliyotolewa wakati ule ilikuwa afya. Lakini walioandika habari zake wanasema alichoshwa na viongozi waliokuwa wakijinyakulia mashamba na mali, na kwamba hakupata tena usingizi mzuri tangu rafiki yake Pinto alipopigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Mwenzangu mmoja alisema huo ni ujinga, mtu hauachi mlo ulio mezani kwa sababu jirani amekula vibaya. Mimi sikubaliani naye. Naona alikuwa na kitu alichokipenda kuliko kile kiti, na watu wa namna hiyo hawashikiki.

Kitu chenyewe ni kile tulichokuwa tumekiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa katikati ya Nairobi, mahali ambapo wachongaji na wachoraji wa Kiafrika waliweza kuonyesha na kuuza kazi zao kwa heshima. Nyumbani kwake Muthaiga vitu vilijaa hadi ngazini. Katika vitabu vyake, zaidi ya 8,000 vilichapishwa kabla ya mwaka 1900. Wanunuzi wa ng'ambo walimjia na fedha za kutosha kumfanya tajiri wa kupindukia. Akawakatalia. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya nyumba, vitabu na vitu hivyo kwa bei ya chini kuliko aliyokuwa akiahidiwa nje. Makubaliano yalikuwa kwamba nyumba ile ya Muthaiga igeuzwe taasisi ya masomo ya Afrika, wanafunzi waje wasome humo. Wanafunzi kama mimi na wewe.

Yeye na Sheila wakahamia Intona, shamba lao huko Trans Mara, nchi ya Wamaasai. Alikuwa amerudi kwa watu wa mama.

Taasisi haikujengwa. Nyumba ya Muthaiga ilibomolewa, miti ya kienyeji iliyokuwa imeizunguka ikakatwa, na ardhi ikagawanywa. Murumbi alikuwa bado hai na akayaona kwa macho yake. Wanasema pigo lile lilimwingia mwilini na hakuwa tena yule wa zamani. Mtu aliyekataa mamilioni ya wageni ili vitu vibaki nyumbani, kisha nyumbani kukamfanyia hivyo! Niliposoma habari hiyo nilikifunga kijitabu nikanyamaza. Wenzangu walidhani ninaumwa.

Alifariki Nairobi tarehe 22 Juni 1990, siku nne baada ya kutimiza miaka 79. Alikuwa ametaka azikwe karibu na Pinto, basi akazikwa pembeni mwa makaburi ya City Park, hatua chache kutoka kwa rafiki yake. Sheila alimfuata mwaka 2000 na akalazwa kando yake. Hata hapo hakupumzika sawasawa, kwa kuwa wanyakuzi wa ardhi waliimezea mate bustani ile. Ilibidi Donovan na wenzake wasimame imara, na mwaka 2009 pakafunguliwa bustani ya ukumbusho yenye sanamu za mawe na chuma za wachongaji aliowapenda, akiwemo Elkana Ong'esa wa Kisii.

Siku ya pili ya safari tulikwenda kwa miguu hadi Nairobi Gallery, jumba dogo la mwaka 1913 lililokuwa afisi ya mkuu wa mkoa, ambapo watu walikuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo. Zamani umbali wa kwenda miji mingine ulipimwa kuanzia hapo, kwa hiyo ile kilomita mia tatu na ushei tuliyoisafiri kutoka Eldoret ilikuwa imeishia kwenye mlango ule. Vitu vingine vya Murumbi tulivikuta humo, pamoja na stempu zake. Nilisimama mbele ya kigoda kimoja cha miguu mitatu mpaka wenzangu wakaniacha.

Kisa cha kusimama ni hiki. Nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa na kigoda kama kile. Alikikalia akikamua ng'ombe tangu nilipoanza kujua mambo, na kilikuwa kimeng'aa kama kimepakwa mafuta. Tuliporudi, wikendi ya kwanza niliyoruhusiwa kwenda nyumbani nilimwuliza kiko wapi. Akacheka. Akasema alipita mtu na pikipiki akinunua vitu vya kale, akakichukua kwa shilingi mia tatu, na akaongezea kiti cha plastiki juu. Kiti chenyewe kilikuwa pale kibarazani, mguu mmoja umekwisha pasuka na kufungwa kwa waya.

Nikamwuliza yule mtu hakuacha jina wala nambari ya simu? Akasema hapana, ila aliuliza pia kuhusu kibuyu cha maziwa kilichokuwa kimetundikwa jikoni, na akaahidi kupita tena. Nilikwenda jikoni nikatazama. Kibuyu kilikuwa bado kipo, na kamba yake ya ngozi. Nilimwomba nyanya anipe, akanipa. Sasa kiko kwenye sanduku langu bwenini, kimefungwa ndani ya sweta, na viranja wameshaniuliza mara mbili kinanuka nini.