Beryl Markham: Aliwajua farasi kuliko alama zao

Ukiabiri matatu Tassia hadi mjini, ukitembea kuelekea Kariokor utakutana na Race Course Road. Jina hilo si bure. Kabla ya uwanja wa Ngong Road kufunguliwa mwaka wa 1954, farasi wa Nairobi walikimbia pande hizo za Eastlands. Enzi hizo ndipo Beryl Markham alipojijengea jina.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo na kukulia Njoro, kwenye mazizi ya babake. Shamba lilipofilisika, mzee alienda zake Peru. Binti akabaki, na kabla ya kufikisha miaka 20 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kupata leseni ya kufunza farasi wa mbio.

Kazi hiyo ina hesabu yake. Kwa kawaida, afisa wa mbio humpa kila farasi alama kulingana na alivyokimbia awali. Alama moja ni ratili moja, karibu nusu kilo. Aliyemzidi mwenzake alama 10 hubebeshwa kilo 4.5 zaidi, vipande vya risasi vikitiwa kwenye tandiko. Akishinda, mzigo unaongezwa. Akizidi kushindwa, unapunguzwa. Nia ni wote wafike karibu pamoja. Wanaobeti nao husoma alama hizo hizo, na wakimkimbilia farasi mmoja, malipo yake hushuka.

Lakini alama husimulia ya jana. Haisemi mguu umeamkaje leo. Beryl alipokabidhiwa Wise Child, farasi jike mwenye kano dhaifu, alimlea polepole akisaidiwa na arap Ruta, rafiki yake wa utotoni. Mwaka wa 1926 Wise Child alishinda St Leger ya Kenya, mbio ambazo mzigo haupangwi kwa alama. Hapo kila farasi hujitetea mwenyewe.

Mwaka wa 1936 Beryl alivuka Atlantiki kwa ndege, peke yake, kutoka Uingereza hadi Canada. Baadaye alirudi kwa farasi wake, akashinda Kenya Derby mara kadhaa. Alifariki Nairobi mwaka wa 1986.

Kwa hivyo kabla hujatuma mia yako kwa simu, jua hivi: aliyepanga alama anakuzidi kwa kujua, na anayelala karibu na zizi anamzidi hata yeye. Wewe ni wa tatu kwenye foleni.