Henri Tajfel: Mateka wa vita aliyetafuta chanzo cha chuki ya makundi

Unadhani mtu anahitaji sababu gani ili awabague wenzake? Dini? Kabila? Ugomvi wa ardhi wa miaka mingi?

Mwanasaikolojia Henri Tajfel alionyesha kwamba kinachohitajika ni kidogo sana kuliko hivyo. Leo watafiti wengi wa makundi ya kigaidi na yenye itikadi kali wanaanzia pale alipoishia yeye.

Kundi lililookoa maisha yake

Tajfel alizaliwa mwaka 1919 mjini Włocławek, Poland, katika familia ya Kiyahudi. Enzi hizo vyuo vya Poland viliwawekea Wayahudi vikwazo, basi kijana akafunga safari hadi Ufaransa kusomea kemia.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza akaingia jeshi la Ufaransa. Mwaka 1940 Wajerumani wakamkamata, akakaa kambi za mateka hadi vita ilipokwisha.

Kambini hakukana kuwa ni Myahudi, ila alijitambulisha kama Mfaransa. Wangejua ametokea Poland, huenda asingetoka hai. Yaani mtu ni yuleyule, sura ileile, tabia ileile, lakini kilichoamua kama ataishi ni kundi aliloandikiwa.

Vita ilipoisha mwaka 1945, karibu ndugu zake wote walikuwa wameuawa.

Kemia akaachana nayo. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi na mashirika yaliyosaidia watoto na wakimbizi wa vita, kisha akahamia Uingereza na kusomea saikolojia. Insha yake kuhusu ubaguzi ndiyo iliyompatia ufadhili wa masomo. Mwaka 1967 akawa profesa Chuo Kikuu cha Bristol.

Jaribio la wavulana 64

Swali lililomsumbua lilikuwa hili: ubaguzi unaanzia wapi hasa?

Mwaka 1970 alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya na wavulana 64 wa shule moja ya Bristol, wenye miaka 14 na 15. Walionyeshwa nukta nyingi kwenye skrini, wakakisia idadi yake. Kisha wakaambiwa wapo wanaokisia juu na wanaokisia chini, na kila mmoja akatajiwa kundi lake. Ukweli ni kwamba waligawanywa kama kwa bahati nasibu tu.

Halafu kila mmoja, akiwa peke yake, akagawa pointi za kubadilishwa kuwa pesa. Hakuruhusiwa kujipa mwenyewe. Hakujua anampa nani, aliona namba na kundi tu.

Wengi waliwapendelea wa kundi lao. Kundi lenyewe lina dakika chache, halina kiongozi wala historia!

Jaribio la pili lilitumia michoro ya wasanii Klee na Kandinsky, na hapo likaonekana jambo zito zaidi. Wavulana wengi walikuwa tayari wenzao wapate kidogo, mradi kundi la pili lipate kidogo zaidi. Kumzidi mwingine kulikuwa kutamu kuliko faida yenyewe.

Inahusianaje na ugaidi?

Tajfel na mwenzake John Turner wakajenga nadharia ya utambulisho wa kijamii: sehemu ya heshima tunayojipa inatokana na kundi letu, hivyo tunataka lionekane bora kuliko mengine.

Wanaosajili vijana kwenye makundi yenye msimamo mkali wanalitumia hilo vizuri. Mara nyingi hawaanzi na bunduki. Wanaanza kwa kumpa kijana jina, undugu na heshima, kisha wanamfundisha kwamba wale wengine ndio tishio.

Ni kweli, kunyima pointi si kuua. Kutoka hapo hadi bomu kunahitajika mengine: uongozi, hadithi ya kuonewa, adui wa kulaumiwa. Ila mlango wa kwanza ni huo wa "sisi" na "wao".

Upande mwingine

Tajfel alifariki mwaka 1982. Miaka mingi baadaye yaliibuka madai kwamba aliwanyanyasa kingono wanawake waliofanya kazi karibu naye, na mwaka 2019 chama cha wanasaikolojia jamii wa Ulaya kikaamua kuliondoa jina lake kwenye medali yake.

Utafiti wake bado unafundishwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anaanza na "hawa watu ndivyo walivyo", jiulize kwanza: nani aliwagawa, na anafaidika na nini?